Mwakilishi Aliyeomba Msamaha

"Naomba mumsamehe, bosi. Ni kijana, ana mke na watoto wawili, na hajawahi kuwa na shida na mtu."

Hayo ndiyo maneno yote ya utetezi niliyoyaandika siku ile. Na aliyeyasema si mshtakiwa. Ni mwakilishi wa wafanyakazi, mtu wa chama cha wafanyakazi, aliyeitwa kwenye kikao cha nidhamu ili amsaidie mwenzake. Mimi nilikuwa kwenye kona ya meza na kompyuta yangu. Kazi yangu ni ya utawala, na kwenye vikao vya namna hiyo huwa naandika muhtasari.

Shauri lenyewe halikuwa na maelezo mengi. Ghala la korosho, hapa Mtwara, msimu umepamba moto, malori yamejipanga kutoka getini hadi barabara ya lami. Dereva wa foklifti kaingia kazini saa moja asubuhi. Saa mbili usiku msimamizi akamwambia bado malori matatu. Kijana akashusha mashine chini, akazima, akautundika ufunguo ukutani mahali pake, akaenda nyumbani kulala. Kesho yake akapewa barua: kukataa amri halali ya mwajiri.

(Nimebadilisha mambo mawili matatu ili wahusika wasijulikane. Saa sijazigusa.)

Mwenyekiti wa kikao alipouliza, "Mwakilishi, una la kusema?" yule kaka alisimama. Kwenye vikao vile hakuna anayesimama, watu wanaongea wamekaa. Yeye alisimama, akaishika kofia yake mbele ya tumbo kwa mikono miwili, akaomba msamaha, akakaa. Chumba kizima kikalegea. Hata mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, aliinamisha kichwa kidogo.

Nami nikaandika: Mwakilishi ameomba mfanyakazi asamehewe.

Mstari huo haujanitoka kichwani tangu msimu ule.

Alichokuwa nacho bila kujua

Saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku ni masaa 13. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi wa kawaida, au hata kumruhusu, afanye kazi zaidi ya masaa 12 kwa siku, ukiacha dharura. Ovataimu yenyewe inahitaji makubaliano, na haitakiwi kuzidi masaa 50 katika mzunguko wa wiki nne. Kwa hiyo mtu aliyefundishwa angeuliza swali moja tu: hiyo amri mnayoiita halali, ni halali kwa kifungu kipi?

Halafu kuna muda wa kujiandaa. Kanuni za mwaka 2007 zinazoeleza namna ya kuendesha mambo ya nidhamu zinasema mtuhumiwa apewe muda wa kutosha, na kwa kawaida usipungue masaa 48. Kijana alipewa barua jana yake mchana. Mwakilishi wake aliambiwa asubuhi ileile, akiwa anahesabu magunia. Angeweza kuomba kikao kiahirishwe na pasingekuwa na wa kumkatalia.

Na lile la msamaha. Kwetu huku, mtu mzima akisimama akaomba radhi kwa niaba ya mdogo wake, shauri limekwisha. Ndivyo tunavyoyamaliza ya ndoa, ya mipaka ya mashamba, ya mbuzi walioingia kwenye mihogo ya jirani. Kumkatalia mtu wa namna hiyo ni utovu wa adabu. Lakini jalada likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, adabu ile haimo ndani yake. Kinachobaki ni maandishi yangu, na mwanasheria wa mwajiri anaweka kidole kwenye mstari ule na kuuliza: kama hakukosea, mwakilishi wake alikuwa anaomba msamaha wa nini?

Swali la aina hiyo nimewahi kulisikia kwenye shauri jingine. Upande wa pili walitazamana tu.

Dereva alifukuzwa. Baadaye waliyamaliza kwenye usuluhishi, akalipwa kitu, kazini hakurudi. Siku hizi ana bajaji.

Upande wa pili wa meza

Pengine ningeyasahau kama nisingejua mwajiri alivyojiandaa. Meneja rasilimali watu alikuwa ametoka Dar es Salaam muda si mrefu, kwenye kozi ya mambo hayohayo: hati ya mashtaka inaandikwaje, mashahidi wanapangwaje, kikao kinafungwaje ili kisije kupinduliwa. Ada ililipwa, hoteli ililipwa. Alirudi na faili la sampuli za barua akaniambia nizinakili zote. Nazitumia mpaka leo na ni nzuri kwelikweli.

Na mwakilishi? Nilikuwepo siku anachaguliwa, maana mimi pia ni mwanachama na nakatwa kila mwezi. Alichaguliwa kwa sababu ya daftari la misiba. Mtu akifiwa pale kazini, yeye ndiye hupita na daftari kukusanya rambirambi, na haijawahi kupotea hata shilingi mia. Watu wakasema huyu ndiye. Mimi pia nilimnyooshea mkono, na ningemnyooshea tena.

Ila uaminifu haumwambii mtu kwamba ovataimu ina kikomo.

Sheria imeweka hesabu ya kutosha. Wanachama 21 hadi 100 mahali pa kazi wana haki ya wawakilishi 10, wakizidi 100 wawakilishi ni 15. Kazi zao zimetajwa: kumwakilisha mwanachama kwenye malalamiko na kwenye nidhamu, kufuatilia kama mwajiri anafuata sheria za kazi, na nyinginezo. Ukiangalia orodha ile utadhani inamwelezea wakili. Anayekabidhiwa kazi hizo ni mpagazi, mpishi wa kantini, mlinzi, mama wa kuchambua korosho. Na maandishi yenyewe yalitungwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimekuwa rasmi lugha ya sheria za nchi kwa mabadiliko ya mwaka 2021, lakini kanuni za kazi ambazo mimi nazifungua ofisini bado ni za Kiingereza, na huwa nasoma aya moja mara tatu.

Kuhusu semina

Hapa najua kuna watakaosema vyama vinatoa elimu, kila mwaka kuna semina.

Ni kweli. Nimehudhuria. Imeandikwa saa mbili asubuhi, mgeni rasmi anafika saa nne na nusu. Kuna wimbo wa mshikamano. Kuna risala, kuna majibu ya risala, kuna neno la shukrani kwa majibu ya risala. Chai, chapati na supu. Kisha mwezeshaji anapanda na kuonyesha ukutani maandishi madogo yasiyosomeka kutoka kiti cha tatu, anaeleza historia ya chama, muundo wa chama, katiba ya chama, wajibu wa mwanachama kwa chama. Kabla hajafika kwenye sheria, mtu wa Nanyamba ananyoosha mkono kuuliza nauli. Na ana haki kuuliza, maana gari la mwisho halimsubiri. Tangu hapo mada ni nauli. Picha ya pamoja, kwaheri.

Wawakilishi 10 wa tawi, aliyepelekwa ni mmoja. Wengine tisa walipata fulana za Mei Mosi.

Sibezi fulana, nami ninayo. Nasema tu kwamba mchango wa mwaka mzima wa mtu wa ghalani ukirudi kwake, unarudi ukiwa umeandikwa kauli mbiu kifuani, na kauli mbiu hamuwezi kwenda nayo kwenye kikao cha nidhamu.

Wakubwa walisoma wapi

Nilipoanza kusumbuka nikajiuliza kama imekuwa hivi siku zote. Haikuwa hivi.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, lilianzishwa mwaka 1955, na katibu mkuu wake wa kwanza ni mtu wa kusini, Rashidi Kawawa wa Songea. Kina Kawawa walitambua mapema kwamba kiongozi wa wafanyakazi hazaliwi anajua. Mwaka 1958 vyama huru vya wafanyakazi vya dunia vikafungua chuo cha wafanyakazi Kampala, kikawa kinapokea watu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, alikuwa tayari ameshapita Ruskin, chuo cha mjini Oxford, Uingereza, kilichofunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi wasio na vyeti vya shule. Ruskin ndiyo iliyotumika kama mfano wakati chuo cha Kivukoni kinafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Bi Joan Wicken, aliyehangaikia fedha za Kivukoni, alikuwa mwanafunzi wa Ruskin.

Kisha mwaka 1964. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake akawa waziri wa kazi huyohuyo, Michael Kamaliza. Fikiria unapeleka malalamiko kwa mtu ambaye ni chama na serikali kwa pamoja. Elimu haikufa, ila ikabadilika. Mwaka 1973 likatoka agizo la Waziri Mkuu, naye ni Kawawa yuleyule, kwamba sehemu za kazi ziwe na elimu ya wafanyakazi. Watu walijifunza kusoma, hesabu, siasa, uzalishaji. Kivukoni yenyewe ikawa chuo cha itikadi cha chama tawala, na leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Kinatoa shahada. Ni kizuri, ila huwezi kumpeleka mpagazi wa ghala la Mtwara kwa siku tano akajifunze namna ya kumhoji shahidi.

NUTA ikawa JUWATA, ikaja OTTU, ikaja TUCTA na vyama vilivyo huru kujisimamia. Uhuru tukaupata tena. Madarasa hayakurudi pamoja nao, angalau si huku kwetu.

Kenya wana Chuo cha Tom Mboya kule Kisumu, mali ya shirikisho lao. Na hata hapa nyumbani, wenzetu wa ushirika hawajaachwa hivihivi: tangu mwaka 1963 kuna chuo cha ushirika Moshi, sasa ni chuo kikuu. Katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wa Tandahimba anayetaka kujua namna ya kufunga hesabu za msimu anajua aulizie wapi. Yule anayepakia korosho hizohizo akitaka kujua haki zake, anamuuliza jirani.

Jirani wa Chikongola

Kwa muda nilidhani jirani anatosha. Hapa ndipo nilipobadilika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chikongola kuna mzee, mstaafu, alifanya kazi za bandarini miaka mingi. Barazani kwake watu hawaishi. Mwenye barua ya onyo anakuja, mwenye mshahara uliochelewa anakuja, wauguzi, walinzi, wasichana wa hotelini. Anawakaribisha chai, anaisoma barua pole pole miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, halafu anauliza maswali. Alipata elimu ya wafanyakazi enzi za JUWATA, na daftari zake anazo, zimeandikwa kwa wino wa bluu, mistari imepigwa kwa rula. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilirudi nimefurahi. Nikasema chuo ndicho hiki, majengo ya nini? Nilikuwa tayari nimeanza kuandika makala ya kumsifu.

Siku nyingine nikamkuta na dada mmoja, kafukuzwa kazi dukani. Mzee akamwelekeza kwa upole: "Mwanangu, usiwe na haraka. Kwanza inakaa kamati ya wafanyakazi. Ikishindikana, linakwenda baraza la usuluhishi la wilaya. Na hapo ukishindwa, unamwandikia Waziri."

Nilisikia baridi. Hiyo ni njia ya sheria ya mwaka 1964, ile ya usalama wa ajira. Ilifutwa na sheria ya 2004. Leo aliyefukuzwa ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka shauri lake Tume, migogoro mingine siku 60, na akichelewa anaanza kwa kuomba kibali cha kuchelewa kabla hata ya kusikilizwa. Mzee alikuwa anamwambia asiwe na haraka.

Nikamvuta yule dada pembeni tulipotoka, nikamweleza. Alikuwa bado ndani ya muda. Nilimrudia mzee pia, nikiwa na karatasi, nikiogopa kumvunjia heshima. Alizisoma, akauliza, "Hii ni tangu lini?" Nikamwambia imeanza kutumika karibu miaka ishirini iliyopita. Akanyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake:

"Na ni nani alikuwa na kazi ya kuja kuniambia?"

Kipaji cha kufundisha anacho, subira anayo, na watu wanamwamini kuliko ofisi yoyote. Alichokosa ni mahali pa kurudi kila baada ya muda akaambiwa hiki kimebadilika, kile kimefutwa. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na baraza, wala na kundi la WhatsApp ambamo sauti ya mtu asiyejulikana inazunguka ikidai kiinua mgongo ni mshahara wa miezi sita. (Kwa sheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Mkataba wenu unaweza kuwa bora zaidi. Usomeni.)

"Taja jina la kozi"

Nilikuwa na wasiwasi mwingine pia, na sijaumaliza. Mwakilishi anayejua mambo hadumu. Ama anahamishiwa Liwale, ama anapandishwa cheo anakuwa msimamizi, yaani anavuka meza. Wengine wanaambulia jina la mjuaji, na mjuaji ndiye anayekatwa kwanza kukiwa na punguzo. Je, tunamfundisha mtu ili aumie?

Nilimuuliza meneja wangu, nusu kwa utani, kama angependa wawakilishi wafundishwe. Akanijibu bila kusita kwamba angependa, maana mwakilishi anayejua sheria mnamaliza naye mezani, asiyejua mnakuja kukutana mbele ya Tume. Namwamini nusu. Nusu nyingine ni zile sampuli za barua.

Basi mwakilishi wetu, yule wa kofia, alikuja ofisini kwangu siku moja mchana. Hakutaka nimfundishe, na hata angetaka nisingeweza: muhtasari naandika kwa niaba ya mwajiri, siwezi kukaa viti viwili. Lakini sheria si siri ya ofisi. Nikamfungulia kifungu cha 63 cha ile sheria ya 2004, kinachosema mwajiri atampa mwakilishi likizo ya kiasi yenye malipo kwenda kwenye mafunzo yanayohusu kazi zake. Alikisoma kwa kidole. Akaandika barua mwenyewe, kwa mkono, mwandiko wa daftari la misiba, akaomba yeye na wenzake wanne.

Jibu lilitoka upesi kuliko nilivyotarajia. Nililichapa mimi. Mwajiri hana pingamizi. Tafadhali taja jina la kozi, mahali, tarehe, na nani anaiendesha.

Akaenda kwenye chama. Ofisi ya mkoa ikamwambia wazo zuri, litapelekwa kanda. Kanda ikasema mafunzo hupangwa makao makuu, kulingana na bajeti na wafadhili. Nilimpigia simu mtu ninayemfahamu huko, akaniambia, "Dada, tutalifanyia kazi." Ninyi nyote mnajua maana yake.

Mlango umefunguliwa na sheria, mwajiri amekubali, watu watano wako tayari, na hakuna pa kuwapeleka.

Sihitaji jengo. Hata ukumbi wa shule wakati wa likizo unatosha, au chumba kimoja cha chuo cha ufundi, VETA. Kati ya Machi na Juni maghala ya huku yamepoa na watu wanapatikana. Siku nne au tano, kwa Kiswahili, na fomu halisi za Tume mezani. Washiriki waigize kikao: mmoja meneja, mmoja mtuhumiwa, mmoja mwakilishi, halafu wabadilishane. Wafundishwe kutosaini muhtasari ambao hawajausoma, jambo ambalo mimi mwandishi wake nawaambia kwa nia njema. Mwaka unaofuata warudi waambiwe kilichobadilika, na mzee wa Chikongola awe wa kwanza kwenye orodha, akae mbele, miwani yake na daftari jipya. Gharama yake, kwa makisio yangu ya mtu anayeshika bajeti za chai kila wiki, haiwezi kufikia ile ya Mei Mosi ya mkoa mmoja. Vyama vikishirikiana, wa bandari, wa viwanda, wa afya, wa mashamba, hata Lindi na Mtwara pamoja, inashuka zaidi.

Kama uko kwenye chama chochote chenye wanachama huku kusini na kozi ya namna hiyo ipo, niandikie: jina lake, ukumbi, tarehe, nani anafundisha. Barua ya mwajiri ina tarehe ya mwisho ya kujibiwa, na msimu ukianza Oktoba hakuna atakayeruhusiwa kutoka ghalani.